Kuzuia si Kuadhibu

Mtu mzima ampigapo mtu mzima mwenziwe huulizwa sababu. Mtoto wa miaka mitatu ampigapo mtoto mwenziwe haulizwi; hupigwa. Desturi hii imezoeleka hata yaonekana kuwa ni ada ya maumbile, na wachache husimama kuipima kwa mizani ya haki. Lakini katika miji na vijiji vya pwani ya Ziwa Viktoria kipimo hicho hakiepukiki tena, kwa kuwa watoto wengi wadogo hushinda mikononi mwa watu wasio wazazi wao, katika vituo vya kulelea watoto mchana. Mzazi huweza kujitetea kwa damu na mapenzi. Mlezi wa kituoni hana utetezi huo. Yampasa awe na hoja. Afanye nini, kwa haki, mbele ya mtoto mdogo aumaye kwa meno, asukumaye, arushaye mawe? Swali hili ni dogo kwa kimo cha wahusika wake, lakini ndani yake mna maswali ya kale ya maadili: kosa ni nini, nani aweza kukosa, adhabu ni kwa faida ya nani, na aliyeumizwa ana haki ya kudai nini.

Yafaa kwanza kutazama jinsi mambo yalivyofika hapa. Katika kaya ya zamani ya Usukuma mtoto mdogo aliishi kati ya watu wa rika nyingi. Alikuwa na dada wa miaka minane wa kumbeba, binamu wa miaka kumi wa kumkemea, na bibi wa kumkimbilia. Ilikuwa nadra watoto ishirini wa umri mmoja kushinda pamoja kutwa nzima bila wakubwa kati yao. Ugomvi ulikatwa na mkubwa wa karibu kabla haujawa vita, na aliyelia alipata paja la kukalia.

Mjini na mialoni mambo ni mengine. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, mitumbwi hurudi alfajiri, na wanawake wanunuao na kuanika dagaa juu ya mchanga au vichanja hawana budi kufika ufukweni kabla jua halijapanda. Mchuuzi wa soko la Mwaloni pale Kirumba, muuza nyanya wa Igoma, mfanyakazi wa kiwanda cha minofu ya sangara, mama ntilie wa njia panda ya Usagara: kila mmoja wao hutoka nyumbani mapema. Bibi yuko kijijini, dada yuko shuleni. Mtoto hupelekwa kituoni, pengine angali na usingizi machoni.

Serikali imelitambua jambo hili kwa muda mrefu. Sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana ilitungwa mwaka 1981, na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Desemba 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Haya ni mema. Lakini sheria yaweza kuagiza nyumba iwe na hewa na uzio. Haiwezi kumwagiza mlezi moyo wa kutumia saa nne asubuhi, wakati uji haujaiva, watoto ni thelathini, gari la kuchezea ni moja, na mmoja amezamisha meno yake katika bega la mwenziwe. Hapo mlezi yu peke yake na dhamiri yake.

Basi mtoto huyo aliyeuma ana hatia? Lugha hujibu kabla ya akili. Mara moja huitwa mkorofi, na jina hilo hufika nyumbani kabla yake. Lakini Kiswahili chenyewe kina hazina ya kutofautisha. Kuna utundu, ambao ni wingi wa uhai usiojua mpaka. Kuna ukorofi, ambao ni kupenda kuchokoza. Kuna ujeuri, ambao ni kuijua amri na kuidharau. Kuna ukatili, ambao ni kufurahia maumivu ya mwingine. Kila neno hudai ujuzi mwingi kuliko lililotangulia. Hawezi kuwa mjeuri asiyejua amri, wala hawezi kuwa katili asiyeweza kufikiri maumivu yaliyo nje ya mwili wake. Mtoto wa miaka miwili au mitatu yu mwanzoni kabisa mwa ngazi hii, na kumwita kwa jina la ngazi ya juu ni kumsingizia.

Wataalamu wa mambo ya watoto wamelithibitisha jambo hili kwa kuhesabu. Richard Tremblay na wenzake wa Kanada walifuata makuzi ya watoto wengi tangu uchangani, wakaona kwamba kupiga, kuuma na kusukuma huanza mapema sana, huongezeka, hufika kilele kati ya mwaka wa pili na wa nne, kisha kwa walio wengi hupungua. Maana yake ni nzito. Dhana ya kawaida ni kwamba mtoto huzaliwa mpole, kisha hufundishwa ugomvi na wenzake wabaya. Ukweli waelekea upande mwingine: mtoto huzaliwa na mkono mwepesi, na upole ndio afundishwao. Kwa hiyo mtoto aumaye bado hajafika mahali ambapo wengine watafika kwa msaada, na hakuna wema alioupata akaupoteza.

Na katika pwani hii kuna sababu nyingine ambayo yapasa kupewa uzito wake. Mtoto hufika kituoni akiwa na Kisukuma, au Kikerewe, au Kijita, au Kizinza. Humo ndani husikia Kiswahili, na katika vituo vya ada kubwa huimbishwa Kiingereza. Mwenziwe amnyang'anyapo kikombe, neno la kusema "ni changu, nirudishie" halipo ulimini katika lugha isikiwayo pale. Meno yapo. Si kila aumaye huuma kwa sababu hii, lakini mlezi asiyelifikiria ataadhibu ububu akidhani anaadhibu ubaya.

Sheria na dini zimekuwa na hekima hii kwa muda mrefu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania haimtwiki jinai mtoto aliye chini ya miaka 10, kwa tendo lolote. Sheria ya Kiislamu haimwandikii dhambi asiyebaleghe. Makanisa mengi nayo huutambua umri wa kupambanua mema na mabaya. Ni ajabu basi kwamba mtoto ambaye hakimu hawezi kumhukumu, na ambaye dini haimhesabii dhambi, apatwe na hukumu na adhabu yake kwa dakika moja katika chumba cha kituo, pasipo shahidi wala utetezi.

Hata hivyo hoja haijakamilika, na hapa ndipo watetezi wengi wa watoto hujikwaa. Wao husema, "Mtoto hana hatia," wakanyamaza, kana kwamba jambo limekwisha. Lakini kuna mtoto wa pili. Bega lake lina alama za meno. Yeye naye ni mdogo, naye hana hatia, naye analia. Akiondolewa hatia aliyeuma, maumivu ya aliyeumwa hayapungui hata chembe. Jioni mama yake atafika kutoka mwaloni, mikono yanuka dagaa, atamvua mtoto shati amwogeshe, ataona alama, na kesho alfajiri atasimama mlangoni aulize: "Mwalimu, mwanangu ameliwa na nani?" Swali lake ni la haki. Amemkabidhi mtu mwanawe mzima. Amerudishiwa ana jeraha. Mlezi amjibuye kwamba watoto ndivyo walivyo amesema kweli isiyojibu kitu.

Kwa hiyo mlezi ana deni mbili kwa wakati mmoja. Anadaiwa na aliyeuma asiadhibiwe kwa kosa asiloweza kulijua, na anadaiwa na aliyeumwa asiachwe bila ulinzi. Watu wengi hudhani deni hizi zapingana, kwamba kulipa moja ni kuikana nyingine. Walio upande wa fimbo hulipa deni ya pili kwa fedha ya deni ya kwanza. Walio upande wa kuachilia hufanya kinyume. Ubishi wote juu ya malezi ya wadogo waelekea kuzunguka katika duara hili.

Njia ya kutoka imo katika kupambanua matendo mawili ambayo kwa macho yafanana. La kwanza ni kuzuia. La pili ni kuadhibu. Katika yote mawili mkono wa mtu mzima huenda kwa nguvu kwa mtoto. Lakini kuzuia hutazama mbele: hutaka meno yaache bega, na kiganja kiachie jiwe. Kuadhibu hutazama nyuma: hutaka maumivu yalipwe kwa maumivu. Kuzuia hakuhitaji hatia. Mtu humzuia hata kipofu asitumbukie shimoni, wala hamlaumu. Kuadhibu hakuna maana pasipo hatia. Basi mtoto asiye na hatia hastahili adhabu hata kidogo, lakini astahili kuzuiwa kila mara, na aliyeumizwa astahili kwamba mwenziwe azuiwe. Deni zote mbili hulipwa kwa tendo moja, na hakuna anayedhulumiwa.

Watetezi wa fimbo wana hoja zao, na si hoja za kudharauliwa. Ya kwanza ni methali ijulikanayo na kila mtu, ambayo katika nchi ya wavuvi ina ladha ya pekee: samaki mkunje angali mbichi. Husemwa kana kwamba kukunja ni kupiga. Lakini wauza samaki wa Kirumba wajua kukunja ni nini. Samaki mbichi hukunjwa polepole, kwa viganja viwili, hata mkia ukutane na kichwa; apigwaye hupasuka, nyama ikalegea, na bei ikaanguka. Methali yasema juu ya wakati, kwamba kazi ifanywe mapema. Haisemi kwamba ifanywe kwa hasira.

Hoja ya pili ni ya ushuhuda: "Sisi tulipigwa, na tumekuwa watu." Ushuhuda huu una kasoro ya kila ushuhuda wa walionusurika: waliovunjika hawakuja kushuhudia. Uchunguzi mkubwa juu ya ukatili kwa watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2009, matokeo yake yakatolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kufika miaka 18. Ikiwa kipigo chatosha kumfanya mtu kuwa mtu, nchi yenye vipigo vingi hivyo ingalikuwa imemaliza zamani kazi ya malezi. Na Agosti 2018, mjini Bukoba, ng'ambo ya ziwa hili hili, mvulana wa miaka 13 alifariki baada ya kupigwa shuleni, na nchi nzima ikasimama kuuliza fimbo ina mpaka gani.

Sheria yenyewe imejaribu kuuweka mpaka huo. Kanuni za viboko shuleni za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, zaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa mazito, kwa mkono wa mwalimu mkuu au aliyepewa ruhusa naye, na tendo liandikwe kitabuni. Mtu aweza kuzikubali kanuni hizi au kuzikataa, lakini zafundisha jambo moja: hata fimbo iliyoruhusiwa yapaswa kwenda polepole, ihesabiwe, iandikwe. Kofi la kituoni haliandikwi, halihesabiwi, wala halingoji. Hutoka mkononi mara meno yaonekanapo begani. Wepesi wake ndio ushahidi juu yake. Hukumu ya haki huchukua muda kidogo, hasira haichukui.

Kisha kuna kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambacho wasomaji wake ni wachache kuliko inavyopasa. Kifungu hicho hakikukataza kila namna ya kumrudi mtoto. Chakataza mateso na adhabu za kikatili, kisha chasema kwamba marudi yoyote hayawi halali yakizidi kiasi kwa umri na hali ya mtoto, wala hayawi halali ikiwa mtoto, kwa uchanga wake, hawezi kuelewa makusudi ya marudi hayo. Neno hili la mwisho lina falsafa nzima ndani yake. Adhabu ni usemi. Humwambia mtu: ulijua, ulitaka, ukafanya. Asiyeweza kuusikia usemi huo hakuadhibiwa, ameumizwa tu. Mtoto wa miaka miwili apigwaye kwa kuuma haunganishi jana na leo, wala meno yake na kofi la mwalimu. Husikia maumivu, na huona ni nani aliyemtia maumivu, na huona kwamba mkubwa ndiye apigaye.

Hayo ayaonayo huyashika. Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, walitoa habari za jaribio walilowafanyia watoto 72 wa shule ya chekechea. Baadhi yao walimtazama mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa aliyejazwa upepo. Wengine hawakuona hivyo. Walipoachwa kucheza, wale walioona ngumi walipiga zaidi, na wakaiga hata namna ya kupiga. Hakuna aliyewafundisha kwa maneno. Kwa hiyo mlezi ampigaye mtoto ili aache kupiga husema kwa ulimi jambo moja na kwa mkono jambo jingine, na mtoto mdogo, ambaye lugha yake bado ni changa, huuamini mkono. Hivyo hivyo kwa shauri litolewalo na wazazi wengi, na pengine na walezi, kwamba aliyeumwa amng'ate na yeye mwenziwe "aone uchungu wake." Shauri hilo humfundisha aliyeuma kidogo, na aliyeumwa mengi: kwamba mkubwa aliyepaswa kumlinda amemkabidhi kazi hiyo kwa meno yake mwenyewe.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo haitoki kwa wanafalsafa, hutoka kwa walezi. Husema: yote hayo ni kweli, lakini mimi ni mmoja na watoto ni arobaini, kofi ni la dakika moja, na subira ni ya saa nzima. Hoja hii haijibiwi kwa kumlaumu mlezi. Mwanamke alipwaye ujira mdogo, asiyefundishwa kazi, akaachiwa watoto arobaini katika chumba kimoja, akishindwa, kushindwa kwake kuna wenyewe wengi: mwenye kituo aliyepokea ada za arobaini na kuajiri mmoja, mkaguzi aliyeona akapita, na mzazi aliyechagua kituo kwa wimbo wa Kiingereza bila kuuliza idadi ya walezi. Hatia asiyokuwa nayo mtoto haikutoweka. Imegawanyika kwa wakubwa. Tena watu hubadilika wafundishwapo njia nyingine. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya kazi iliyofanywa katika shule 42 za msingi wilayani Luweero, Uganda. Katika shule ambazo walimu na wanafunzi walisaidiwa kwa miezi 18 kutafuta nidhamu isiyo ya fimbo, wanafunzi 31 katika kila 100 walisema kwamba wamepigwa na wafanyakazi wa shule katika juma lililopita. Katika shule nyingine walikuwa 49. Fimbo haikwisha. Lakini ilipungua, na mikono ilikuwa ni ya walimu wale wale.

Upande wa pili nao una kosa lake. Wapo waliochoshwa na fimbo hata wakaona kila kizuio ni ukatili. Hutazama mtoto akirusha mawe, husema kwamba atakua aache, na hukumbuka kwamba mtoto akililia wembe hupewa. Methali hiyo, kama ina hekima, ina hekima kwa mtoto ambaye wembe utamkata yeye mwenyewe. Haina ruhusa ya kumpa wembe wa kumkatia mwingine. Mtoto aachiliwaye kupiga hujifunza kwamba nguvu hupata. Na mtoto apigwaye mbele ya mkubwa anyamazaye hujifunza jambo baya zaidi, kwamba ulimwengu hauna mlinzi. Wa kwanza aweza kurekebishwa baadaye. Wa pili huweza kulibeba somo lake kimya kimya mpaka uzeeni.

Kuzuia basi kwahitaji kazi kuliko fimbo, na kazi yenyewe yaweza kuelezwa. Mlezi hutenganisha kwanza, kwa mkono imara usioumiza, na kwa neno fupi: "Hapana. Kuuma kunaumiza." Kisha humwendea aliyeumizwa kabla ya mwingine yeyote, humshika, huosha jeraha, ili chumba kizima kione kwamba jicho la mkubwa huenda kwa aliaye. Jambo hili ni haki, na tena ni busara, kwa sababu mtoto aumaye ili atazamwe hakupata alichokitaka. Baada ya hayo humrudia aliyeuma, akainama hata macho yao yalingane, akampa neno alilolikosa: "Sema, nipe. Sema, ni changu." Kama hajui Kiswahili, humpa kwa Kisukuma au kwa lugha ya kwao. Akitulia, humwita alete maji au kitambaa cha mwenziwe, ili mkono ulioumiza uzoee kuponya. Halazimishwi kuomba radhi kwa maneno asiyoyaelewa, kwani radhi ya kulazimishwa ni uongo wa kwanza afundishwao mtoto.

Tena mlezi mwenye akili hutazama saa. Meno mengi huonekana kabla ya uji, kabla ya usingizi wa mchana, na asubuhi mama ageukapo mlangoni aende zake. Uji ukitangulia nusu saa, magari ya kuchezea yakiwa matatu badala ya moja, na mtoto mzito wa kuagana akipokewa mikononi badala ya kusukumwa ndani, ugomvi hupungua kabla haujahitaji hukumu. Na yule mmoja ambaye miezi yapita naye haachi, hastahili jina baya, astahili kuchunguzwa. Pengine hasikii vizuri. Pengine ni mgonjwa. Pengine nyumbani kwake kuna mtu apigaye, naye huleta kituoni alichokiona usiku.

Mtihani wa mwisho wa haya yote ni kumfukuza. Wazazi kumi wakija pamoja kudai kwamba mkorofi aondolewe, mwenye kituo huona njia rahisi. Lakini mtoto aliyefukuzwa haondoki duniani. Huenda mwaloni, kukaa kati ya mitumbwi na vichanja mama yake akianika, hatua chache kutoka majini. Au huachiwa dada wa miaka tisa, ambaye siku hiyo huacha shule. Adhabu aliyokwepeshwa mtoto wa miaka mitatu imetuliwa juu ya kichwa cha mama na cha dada, ambao hawakuuma mtu. Yawezekana ipo siku ambayo kituo hakina la kufanya ila kumhamisha mtoto, kwa kuwa usalama wa wengine haukupatikana kwa njia yoyote. Lakini mwenye kituo asemaye hivyo yampasa kwanza aonyeshe njia alizozijaribu, na mahali alipomtafutia mtoto huyo. Asipoweza, hakuwalinda wengine, amejipumzisha.

Nchi hii si ngeni kwa fikira kwamba ukali wa mwanadamu waweza kupewa mpaka pasipo kuvunjwa. Wasukuma husimulia habari za waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa uwezo wao. Na kutoka kwao yakatokea makundi mawili ya wachezaji ngoma, Bagika na Bagalu. Hata leo, katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora, Kisesa, makundi hayo hushindana kwa kucheza, kila moja likijaribu kuwavuta watazamaji upande wake. Ushindani ni wa kweli, na hakuna ajifanyaye kwamba haupo. Umepewa uwanja, wakati, na sheria. Mtoto mdogo hawezi bado ngoma yenye sheria kama hizo. Lakini awezalo ni la jamaa moja nalo. Aweza kupewa mpira wa kupiga badala ya mtu, udongo wa kufinyanga, mchanga wa kuchimba, na mtu mzima wa kumwambia lini kuanza na lini kuacha.

Mjini Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilianzishwa asasi ya kuwatetea watoto wa mitaani, ambayo ilikuwa miongoni mwa sauti za mapema nchini kupinga viboko. Waliiita Kuleana. Jina hilo ni hoja kwa lenyewe. Kulea ni kazi ya mmoja kwa mwingine. Kuleana ni kazi irudiyo kwa aifanyaye. Mlezi azuiaye mkono wa mtoto bila kumpiga amezuia mikono miwili, wa mtoto na wake mwenyewe, na wa pili mara nyingi ndio mgumu. Mtoto wa miaka mitatu hataikumbuka siku hiyo. Lakini mtoto aliyeumwa atakuwa amelindwa, mama yake atakwenda mwaloni kesho akiwa na moyo tulivu, na aliyeuma atakuwa na neno moja zaidi ulimini kuliko alilokuja nalo asubuhi.